Bomba likivuja usiku huko porini, kompyuta itajua?

Swali limetoka kwa binti wa Langoni, Lamu, amesomea umeme chuo cha ufundi na bado anahangaika kutafuta kazi. Nimelifupisha: "Ami shikamoo. Kwenye baraza tuliambiwa bomba la mafuta ghafi la kutoka Lokichar likijengwa mpaka huku kwetu, stesheni za pampu hazitakuwa na watu, kila kitu kompyuta. Baba ni mvuvi na toka siku ile hana raha. Ni kweli pampu inaweza kujiendesha? Na likipasuka usiku huko porini hiyo kompyuta itajua? Na mimi nikitaka kazi kama hiyo nisome nini?"

Marahaba mwanangu, na mzee msalimie sana. Hofu yake si ya bure, wavuvi wa Lamu washaona bandari ikichimbwa palepale walipokuwa wakivua mpaka Mahakama Kuu mwaka 2018 ikasema wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, kwa hivyo mtu akimwambia mzee wako tulia kuna kompyuta, ana haki kabisa ya kuuliza ni kompyuta gani na inafanya nini. Mimi kazi yangu ni vipimo na mitambo ya kuendesha pampu, saa hii niko Malindi, na ntakujibu kirefu manake jibu fupi ndilo linalowadanganya watu.

Ndio, pampu inaweza kujiendesha, na kuna mambo inayafanya vizuri kuliko binadamu yeyote. Lakini kompyuta haioni mafuta. Inaona presha, mtiririko, joto na mtetemo wa mashine, bas. Kwamba mafuta yamemwagika mahali, hilo ni jambo la kukisia kutokana na hizo namba, na hapo kwenye kukisia ndipo watu wameumia. Ukilishika hilo, mengine yote ntakayokwambia yatakaa sawa.

Bomba lenyewe kwanza. Mpaka leo naandika halijajengwa. Mpango ni karibu kilomita 820, kutoka Lokichar Turkana kupitia Samburu, Isiolo, Meru na Garissa mpaka Lamu. Mafuta ya Turkana yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hivyo bomba lazima lipashwe moto njia nzima, sawa na lile la Uganda kwenda Tanga ambalo lina kilomita 1,443 na stesheni 6 za pampu, 2 Uganda na 4 Tanzania, na mafuta yake hayatakiwi kushuka chini ya nyuzi 50. Hili la moto uliweke kichwani, ntalirudia, manake bomba la namna hii mtu anaogopa sana kulisimamisha. Likisimama muda mrefu linapoa, likipoa kulianzisha tena ni shughuli nzito.

Sasa tuingie ndani ya stesheni. Kuna kompyuta ndogo ya kiwandani tunaiita PLC, iko ndani ya kabati, haina skrini wala kibodi, kazi yake ni kusoma sensa na kutoa amri, mara nyingi sana kila sekunde, usiku na mchana. Pampu kubwa ya mafuta ina adui wake mkubwa nae ni kukosa mafuta mlangoni. Presha ya upande wa kuingilia ikishuka kupita kiasi mafuta yanatoa mapovu ya mvuke ndani ya pampu, na yale mapovu yakifika penye presha yanapasuka, ukisimama karibu utasikia kama kokoto zinasagwa mle ndani, na siku ukija kufungua unakuta impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma mafuta, imeliwa vishimo vishimo. Upande wa kutokea nako hatari ni kinyume chake, presha ikipanda kupita uwezo wa bomba, bomba linapasuka. Kwa hivyo pampu inaishi baina ya kuta mbili.

PLC inaishikaje hapo katikati? Ndani ya programu kuna wasimamizi wawili, mmoja macho yake yako kwenye presha ya kuingilia na mwengine kwenye presha ya kutokea, kila mmoja anatoa namba yake ya spidi ya mota, na programu inachukua ile ndogo. Siku zote ndogo. Huyu akisema asilimia 90 na yule akisema 74, mota inapewa 74. Ni mistari michache tu ya programu na mimi naipenda kuliko kitu chochote kwenye stesheni, manake hakuna mabishano, anayeona hatari ndie anayesikilizwa. Spidi yenyewe inabadilishwa na draivu ya umeme, na kuna faida ya ziada hapo, spidi ya pampu ikishuka asilimia 10 umeme inaokula unaweza kushuka karibu asilimia 27, ndio maana makampuni yanazinunua hizi draivu hata kama ni ghali.

Ikiwa kupunguza spidi hakutoshi, presha inaendelea kwenda kubaya, pampu inazimwa. Haiulizi mtu. Na kwenye stesheni iliyopangwa vizuri hiyo kazi ya kuzima kwa usalama inapewa mtambo wake peke yake, tofauti na ule wa kuendesha kila siku, na kwenye vipimo vya hatari kubwa zinawekwa sensa tatu sehemu moja, mbili zikikubaliana ndio inazimwa, ili sensa moja mbovu isiangushe bomba zima na wala isifiche hatari. Kuna pia sensa za joto kwenye beringi, za mtetemo, za sili kuvuja, za gesi ndani ya banda, za moto. Zote hizi zinalinda stesheni yenyewe, na hapa ndipo naposema kompyuta inamshinda mtu, manake mlinzi aliyelala au aliyeenda kuswali hawezi kuwahi beringi inayopanda joto kwa kasi.

Kitu kimoja nataka ukione kwa karibu sababu wewe ni wa umeme. Transmita ya presha, yaani sensa inayotuma kipimo kwa waya, inaongea na PLC kwa mkondo wa miliampea 4 mpaka 20. 4 ni mwanzo wa kipimo na 20 ni mwisho. Mbona haianzi 0? Kwa sababu panya akikata waya utapata 0, na PLC isingejua kama presha imeisha au waya umekatika. Sasa ikiona chini ya 3.6 inajua hii si presha, huu ni waya au transmita imekufa, na inatakiwa ichukue hatua ya usalama, sio iendelee na namba ya zamani kana kwamba mambo ni mazuri. Huku kwetu pwani chumvi inakula viungio vya waya kimya kimya, unafungua kisanduku unakuta ukungu wa kijani kwenye skrubu, na kabla waya haujakatika kabisa huwa unadanganya kidogo kidogo, kipimo kinapotoka taratibu na hakuna kengele inayolia. Hilo kompyuta peke yake hailiwezi, linataka fundi mwenye kifaa cha kupimia aende kwa ratiba afungue kisanduku. Kwa hivyo wakikwambia stesheni haina mtu, maana yake ni haina mtu wa kukaa pale masaa yote, fundi wa kuzunguka lazima awepo.

Juu ya stesheni zote kuna chumba cha kontroli, kinaweza kuwa mamia ya kilomita mbali, na mfumo unaokusanya namba zote na kuzileta kwenye skrini unaitwa SKADA. Unapita kwenye fiba iliyozikwa sambamba na bomba, na inatakiwa iwepo njia ya pili, setilaiti au mnara, manake fiba inakatwa na tingatinga mara nyingi tu. Mawasiliano yakikatika PLC ya kila stesheni inaendelea na kujilinda kama kawaida, lakini yule wa chumbani anakuwa kipofu.

Kuna jambo lengine watu hawalijui, kwamba kuzima nako kuna hatari. Mafuta yanayotembea ni mzigo mzito, ukifunga vali kwa haraka presha inaruka. Chukua mafuta ya kilo 850 kwa mita moja ya ujazo, yanakwenda mita 1.5 kwa sekunde, na wimbi la presha ndani ya bomba linakimbia kama mita 1,000 kwa sekunde, zidisha zote tatu utapata paskali 1,275,000, yaani karibu bar 13 (vyote ni vipimo vya presha) zinaongezeka ghafla juu ya presha iliyokuwepo. Ndio maana vali kubwa zinafungwa pole pole, na pampu zinazimwa kwa mpangilio, na stesheni ikizimika ghafla basi ile ya nyuma yake lazima ipunguze mara moja. Mtu akikuahidi vali itafungwa kwa sekunde mbili, hajui anachokisema.

Haya, sasa swali la mzee. Likipasuka, itajua?

Njia ya kwanza ni hesabu ya duka, kilichoingia toa kilichotoka. Ikiwa Lokichar wamesukuma mapipa 1,000 na Lamu yamefika 960 na ndani ya bomba hakujaongezeka kitu, mapipa 40 yako wapi? Shida ni kwamba mafuta yanatanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, na mita zenyewe zina kosa lake dogo, kwa hivyo programu inapaswa kujua joto na presha ya kila kipande cha bomba ndio iweze kuhesabu sawa. Mpasuko mkubwa njia hii inaukamata. Kivujo kidogo, tuseme chini ya asilimia 1 ya mtiririko, kinaweza kujificha ndani ya makosa ya vipimo, na asilimia 1 usiione ndogo mwanangu, bomba la mapipa 80,000 kwa siku asilimia yake 1 ni mapipa 800, hizo ni lita zaidi ya 127,000 kwa siku moja zinaingia ardhini na hakuna kengele. Mtu wa kampuni akisema mfumo wetu unagundua uvujaji, muulize uvujaji wa kiasi gani na baada ya muda gani. Ni maswali mawili hayo na yanakwenda pamoja, manake kadri kivujo kinavyokuwa kidogo ndivyo kinavyochukua muda mrefu kujulikana.

Njia ya pili ni wimbi. Bomba likipasuka presha inashuka pale ghafla na hilo shuko linakimbia pande zote mbili kama kilomita moja kwa sekunde. Stesheni mbili ziko kilomita 80 mbali, ya kwanza ikalihisi, ya pili ikalihisi sekunde 20 baadae, basi mpasuko uko kilomita 30 kutoka ya kwanza na 50 kutoka ya pili. Hesabu ya darasa la nane hiyo, lakini inataka saa za stesheni zote ziwe sawa kabisa, zinachukua wakati kutoka setilaiti za GPS. Na inakamata mpasuko wa ghafla tu, kutu inayotoboa pole pole haitoi wimbi la kusikika. Kuna na njia ya tatu, ile fiba yenyewe inaweza kusikiliza, mtu akichimba juu ya bomba au mafuta yakivuja karibu yake inahisi mtikisiko au mabadiliko ya joto. Bomba jipya halina sababu ya kukosa hiyo.

Lakini hebu nikupe kisa kimoja kamili manake kinasema kuliko maelezo yangu yote. Marshall, jimbo la Michigan, Marekani, tarehe 25 Julai 2010. Bomba la kampuni ya Enbridge la inchi 30 lilipasuka jioni wakati linasimamishwa kwa ratiba ya kawaida. Kengele zililia. Namba zilikuwepo kwenye skrini. Waliokuwa chumbani walizisoma vengine, walidhani presha imeshuka kwa sababu mafuta yamekatika ndani ya bomba, hilo ni jambo linalotokea kweli, bomba likisimama sehemu za juu milimani mafuta yanateremka na kule juu kunabaki pengo la mvuke, na dawa yake ni kusukuma zaidi ulijaze. Kwa hivyo wakasukuma. Mara mbili waliliwasha tena bomba lililopasuka. Zilipita saa 17, na aliyewaambia hakuwa kompyuta wala mtu wao, ni mfanyakazi wa kampuni ya gesi ya pale aliyeyaona mafuta kwa macho yake akapiga simu. Zaidi ya lita milioni 3 zilimwagika, na uchunguzi wa serikali ulikuta asilimia 81 yalitoka wakati ule walipoliwasha tena.

Na kinachoniuma mimi ni hiki, walikuwa na kanuni. Baada ya ajali ya nyuma yake mwaka 1991 waliandika kwamba jambo lisiloelezeka likipita dakika 10, simamisha bomba. Kanuni ilikuwa kwenye karatasi na zamu tatu zikapita juu yake.

Sasa ulete mfano huo kwetu. Bomba la Lokichar linatoka bara juu linashuka mpaka usawa wa bahari, kwa hivyo hayo mapengo ya mvuke yatakuwa sababu tayari mdomoni kila presha ikishuka. Na juu yake kuna moto, mtu wa zamu anajua akisimamisha bomba linaanza kupoa na asubuhi bosi atamuuliza. Vitu viwili hivyo vinamsukuma upande mmoja, asizime. Ndio maana nasema swali kubwa kuliko yote si la mashine, ni nani ana ruhusa ya kuzima usiku wa manane akiwa na shaka tu, bila kumpigia mtu, na bila kuulizwa kesho yake kwa nini ulizima. Kama hiyo ruhusa haijaandikwa na haijafanyiwa mazoezi, sensa hata ziwe elfu hazitamsaidia mvuvi.

Mifumo yenyewe nayo inaugua. Bellingham, Marekani, tarehe 10 Juni 1999, bomba la petroli lilipasuka, petroli ikawaka moto, na watu watatu wakafa, wawili watoto wa miaka 10, na siku ile kompyuta za SKADA ziligota wakati zinahitajika, kulikuwa na mtu anafanya kazi ya kubadilisha data ndani ya mfumo huohuo unaoendesha bomba. Usijaribu kitu kwenye mfumo ulio hai, kanuni hiyo imeandikwa kwa damu. Na Mei 2021 wadukuzi waliingia kwa kampuni ya Colonial hukohuko Marekani kwa paswadi moja ya akaunti ya zamani, hawakufika kwenye mitambo ya pampu, walifunga kompyuta za ofisini tu, na bado kampuni ikalisimamisha bomba lote kwa siku kadhaa.

Kwa hivyo wakirudi tena na baraza, mwanangu, usiende kuuliza kama ni salama, watakwambia ni salama. Uliza kivujo kidogo kabisa watakachokikamata ni kiasi gani na kwa muda gani. Uliza vali za kufunga kwa mbali ziko kila baada ya kilomita ngapi, hasa kabla ya mito na kabla ya mikoko, manake vali zikishafungwa bado mafuta yaliyobaki baina ya vali mbili yanaweza kumwagika yote pale penye mteremko. Uliza ile kanuni ya kusimamisha ni dakika ngapi. Uliza namba ya simu ya kupiga mfugaji wa Garissa au mvuvi wa Mkunumbi akinusa mafuta, inapokelewa na nani, kwa Kiswahili, saa tisa usiku, na je akipiga bomba linasimama kwanza au wanatuma mtu kuangalia kwanza. Mimi nataka lisimame kwanza. Thange kule Makueni mwaka 2015 mafuta yalivuja bombani yakaingia kwenye ardhi na mto ambao watu wanautegemea, wakaazi wa pale wanajua uchungu wake mpaka leo, sio mambo ya Marekani peke yake haya.

Kuhusu kazi. Umeme ulionao ni mwanzo mzuri, ongeza vipimo na PLC. Kampuni ya mabomba ya Kenya, KPC, ina chuo chake cha Morendat kule Naivasha kinachofundisha mambo ya mafuta na gesi, ulizia kozi zao. Lakini usingoje chuo, kuna programu ya bure inaitwa OpenPLC inafanya kazi kwenye laptopu ya kawaida. Soma pia jinsi kengele zinavyopangwa, watu wengi wanaidharau hii, mtu wa zamu akipigiwa kengele 200 kwa mara moja ni sawa na kutopigiwa hata moja, na anayejua kuzipunguza zikabaki zenye maana anatafutwa. Ukifika mbele utakutana na vitabu vya viwango, IEC 61511 ya mitambo ya usalama na API 1130 ya kugundua uvujaji, usiziogope, zimeandikwa kwa lugha ngumu ila mambo yake ni haya haya.

Anza na hii: andika programu ya pampu moja yenye presha mbili, wasimamizi wawili na spidi ichaguliwe ile ndogo. Transmita ikishuka chini ya miliampea 3.6 pampu izimwe na sababu iandikwe kwenye skrini kwa Kiswahili. Halafu weka kwamba ikishazimwa haiwezi kuwashwa tena mpaka mtu aingize jina lake na sababu ya kuwasha, usiache ijiwashe yenyewe hata presha ikirudi sawa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokusumbua, kuna njia mbili tatu za kuikosea, ukikwama niandikie nitazame.